Klarineti Chini ya Blanketi

Mwezi uliopita, kwenye harusi moja kule Minto, mtaa mmoja wa huku ughaibuni, nilikalishwa meza moja na Wambui, na pilau haijafika bado alikuwa ameshawasimulia watu wote wa meza habari ya klarineti yangu iliyopigwa nyungu, ule mvuke wa majani ambao mtu hujifukiza nao chini ya blanketi. Alisimulia vizuri. Wambui tangu zamani anajua kusimulia. Alisimama, akajifunika kitambaa cha meza kichwani, akaigiza Mama Sauda akihema na kutokwa jasho, na wale akina mama wakacheka hadi mmoja akapaliwa na soda. Na mimi nilicheka, nitakuwa mwongo nikisema sikucheka. Ila nilipofika nyumbani, nikavua viatu, nikakaa kitandani nikaona haya. Kila alichosema Wambui kilikuwa kweli, lakini mambo hayakuwa vile. Mama Sauda alitangulia mbele ya haki mwaka jana, hawezi kujitetea, na sina hakika kama mimi ndiye wa kumtetea, maana mwaka ule tuliokaa naye nyumba moja Mount Druitt nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Niliishia kidato cha pili. Huwa naandika kidogo kila siku, nimekula nini, nani kapiga simu, basi. Hili ni refu kuliko nilivyozoea. Nikikosea mahali, nimekosea kwa kusahau, sijakosea kwa kutaka.

Nyumba aliipanga Mama Sauda, naye akatupangisha vyumba viwili vya nyuma, kimoja Wambui, kimoja mimi. Kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu akigeuka kitandani unajua kageukia upande gani. Mama Sauda alikuwa mtu wa Lindi, mwanamke wa makamo, mpana, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali. Alikuwa amepika miaka mingi kwenye jiko la makao ya wazee mpaka mgongo ukamkatalia. Wambui alitoka Nakuru, alikuwa anasomea uuguzi na huku anafanya kazi ya kutunza wazee kwenye makao mengine. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, napanga maboksi kwenye ghala karibu na bandari ya Port Botany, na Jumamosi napiga klarineti kwenye harusi za Waafrika. Maboksi yalinilisha, lakini ukiniuliza kazi yangu nini, ningesema klarineti, maana ndicho kitu pekee nilichojua ambacho si kila mtu alikijua. Korona ilipoingia harusi zikakatazwa, kisha kuimba makanisani kukakatazwa, kisha ikafika wakati upande wetu wa magharibi mtu hatoki nje ya eneo bila kibali cha kazi, na helikopta inapita juu ya mapaa ikituambia kwa kipaza sauti turudi ndani, kana kwamba tulikuwa na mahali pengine pa kwenda. Tukabaki watatu mle ndani, na chuki ikaanza jikoni.

Mama Sauda alivipaka vikombe rangi ya kucha ili visichanganywe. Chake kikawa chekundu, cha Wambui zambarau. Changu hakikupakwa kitu. Nilipouliza akasema, "Kisicho na rangi ndicho cha mwenye filimbi. Hatuwezi kukikosea." Alijua vizuri kwamba si filimbi. Jikoni mle mlikuwa na meza ya plastiki ya bustani, dirisha linalotazama uani, na mti wa mkaratusi wa jirani ulioinamisha matawi yake juu ya ua wetu. Kabla ya korona tulikuwa tunakula pamoja Ijumaa, wali wa nazi na maharage, sahani moja kubwa katikati na kila mtu na upande wake. Sasa kila mmoja akala kwa zamu, dirisha wazi hata kwenye baridi, na aliyemaliza apanguse kiti alichokalia. Sikulalamika. Nilidhani hayo yote yana maana. Nilichoshindwa kuvumilia ni kwamba wanawake wale wawili, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya mchuzi, walikubaliana kwamba uchafu wote wa nyumba ile ulikuwa unakaa ndani ya klarineti yangu.

Niliwasikia wakizungumza siku moja adhuhuri, wakidhani nimelala baada ya shifti. "Wewe ushawahi ona vile hiyo kitu inamwaga maji?" Wambui alikuwa anauliza. "Akiinamisha, mate inadondoka. Mate, Mama. Na hiyo ndiyo inabeba ugonjwa."

"Mate ya mtu mzima," Mama Sauda akasema, "kwenye zulia langu."

"Na vile anapuliza na nguvu! Ni kama mtu anakohoa saa nzima bila kupumzika. Kwetu kazini mzee akikohoa hivyo, upande wote unafungwa."

"Sasa huyu tumfunge wapi?"

Wakacheka. Nililala pale nikitazama dari na kuwatukana moyoni kwa lugha mbili. Lakini nikijiuliza leo, walisema uongo gani? Ukipuliza klarineti, pumzi yako ya moto inakutana na mbao baridi inageuka maji, maji yanateremka ndani na kutokea chini. Mengi ni pumzi, lakini mate yamo, siwezi kukataa. Ndiyo maana kuna kitambaa chenye uzi na kijichuma mwishoni. Ukimaliza kupiga unakidondosha ndani ya kila kipande na kukivuta kitokee upande wa pili, mara mbili tatu, mpaka mbao iwe kavu. Mimi nilikuwa nakifua kitambaa kile kwa sabuni na kukianika kwenye kamba ya uani. Siku moja nikakianika karibu na kanga za kuswalia za Mama Sauda. Sikufikiria. Niliporudi nikakikuta kwenye nyasi za jirani, na fimbo ya ufagio iliyotumika kukirusha ikiwa imemwagiwa dawa ya madoa na kuegemezwa ukutani ijikaushe.

"Nimekosa nini, Mama?" nilimuuliza.

"Hujakosa kitu, baba. Kitambaa kimeruka na upepo."

"Upepo wa wapi leo?"

"Wa kwetu Lindi," akasema, akafunga dirisha.

Baada ya hapo ndipo aliponisimamia mlangoni na barakoa yake ya maua. Alisema hanifukuzi mimi, mimi ni mwanawe, anamfukuza yule, akaelekeza kidole kwenye sanduku la klarineti juu ya kabati. Nichague. Ama dude litoke, ama nitoke nalo. Ningeweza kuliweka wapi? Na ningeweza kwenda wapi? Nilimpigia simu rafiki yangu mmoja wa Minto, mtu tuliyekuwa tunapiga naye harusi, akasema, "Kaka, ningekuchukua leo hii, lakini mke wangu anaogopa," na nyuma yake nikasikia mke mwenyewe akiuliza nani huyo. Hakuna aliyekuwa anapokea mpangaji. Mtu mpya mlangoni alikuwa kama nyoka. Na kuacha klarineti sikuweza. Mdomo usiopuliza miezi unalegea, vidole vinasahau, na mimi bila klarineti nilikuwa mpanga maboksi tu kama wengine elfu. Nikamwomba jambo moja. Anipe nafasi niwaonyeshe, yeye na Wambui, jinsi ninavyoisafisha, kisha aamue.

Nilitandika magazeti juu ya meza ya jikoni. Wao wakakaa upande wa pili, karibu na dirisha, barakoa usoni, kama mahakimu. Niliwaonyesha kwamba nasukutua mdomo kabla ya kupiga, ili chakula kisiingie ndani. Niliwaonyesha kitambaa cha kuvuta. Niliwaonyesha ile sehemu ya juu inayoingia mdomoni, jinsi ya kuiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kwa kijiburashi, bila kulowesha koki, lile gome laini linalozungushiwa kwenye maungio, na kwa nini maji ya moto hayatakiwi kabisa. Nilikuwa naenda vizuri. Hata Wambui aliuliza swali moja la maana. Kisha nikafungua kile kikasha kidogo cha kuwekea ulimi, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka na kutoa sauti, nikautoa mmoja niwaonyeshe.

"Hiyo nyeusi ni nini?" Wambui akauliza.

"Ni doa."

"Doa ya nini?"

Ningeweza kusema ni rangi ya mwanzi. "Ukungu," nikasema.

"Ukungu! Mama umesikia? Anamumunya ukungu! Buda, wewe unaweka hii kitu kwa mdomo?" Akasimama kabisa. "Na bado anatufunza usafi!"

Walikuwa na haki. Ulimi wa namna ile unatakiwa uoshwe kwa maji safi kila ukimaliza, upanguswe, ulazwe ukauke pakavu, na ukiona doa utupwe. Nilijua hivyo. Mwaka ule ulimi mpya ulikuwa haupatikani, maduka yamefungwa, nikawa natumia ndimi zilezile. Katika zile kelele za Wambui, Mama Sauda alinyoosha mkono, ameuvuta mkono wa gauni lake ukafunika vidole, akagusa kipande cha katikati. "Mti gani huu?" akauliza.

"Mpingo, Mama. Kwenu huko. Lindi, Kilwa, ndiko unakokatwa, unakwenda Ulaya kuchongwa."

"Mpingo? Muongo we."

"Haki ya Mungu."

Akakitwaa. Akakipima uzito, akakigonga na ukucha, akakinusa kupitia barakoa. "Bibi yangu alikuwa na mchi wa mpingo," akasema. "Tunaumwagia maji yanayochemka. Mchi huo nimeukuta, nimeuacha, hauna hata ufa." Nilimwambia huu si mchi, huu umetobolewa katikati, umebaki mwembamba, moto na mvuke ni adui yake. Nakumbuka nilisema. Kama alisikia, sijui, kwa sababu Wambui alikuwa bado anapiga kelele juu ya ukungu. Hukumu ikawa kwamba nitupe ndimi zote zenye madoa, nipigie kwenye kibanda cha kufulia nguo huko nyuma, na Wambui awe mkaguzi. Wambui alikuwa mkaguzi wa kweli. Kila nikitoka kibandani nilimkuta mlangoni na vitambaa vyake vya spiriti kutoka kazini, anasema, "Fungua, afisa wa forodha amefika," anapangusa mpaka ile sehemu ya mdomoni ikapoteza mng'ao na kuwa na ladha ya sindano. Nilimchukia na yeye. Sikuona wakati ule kwamba alikuwa anawaona wazee wake wa kazini wakitolewa kwa machela mmoja mmoja, na akirudi nyumbani hana mtu wa kumkagua ila mimi.

Kisha akaugua Hamisi. Hamisi alikuwa mdogo wake Mama Sauda, wa mwisho kuzaliwa, alibaki Lindi. Mama Sauda alimlea mgongoni. Hilo alilisema kila alipomtaja. Simu ikawa juu ya meza ya jikoni imewashwa sauti, na yeye anatoa amri kama yuko chumba cha pili. "Mwarobaini upo? Mchaichai? Tieni tangawizi, tieni malimau na maganda yake. Blanketi zito, si hilo shuka. Akae humo mpaka jasho limwishe. Mmesikia?" Huku nyuma sauti za wanawake zinajibu ndiyo dada, ndiyo dada, na katikati yake kikohozi ambacho sitaki kukieleza. Wambui alikuwa anakula tambi zake amesimama. "Wampeleke hospitali," akasema.

"Hospitali wampokee nani? Unakujua kwetu wewe?"

"Sikujui huko. Lakini huyo mtu hana hewa, Mama. Si unasikia hapa kwa simu?"

"Amekuzaa mama yako uje unifundishe mapafu ya mdogo wangu?"

Wiki haikuisha. Maziko tuliyatazama pale pale jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, mpwa wake ndiye aliyeshika simu kule, na mkono wake ukawa unashuka, kwa hiyo tuliona zaidi miguu ya watu na mchanga. Hakuna aliyeweza kuja kutoa pole. Watu walipiga simu, wengine waliacha chakula getini wakapunga mkono kutoka kwenye gari. Mama Sauda hakulia. Wambui alichemsha chai, akaosha vikombe, na akiwa anaosha, bila kugeuka, akasema, "Wangempeleka mapema, Mama. Mvuke si dawa." Nimelifikiria sana neno lile. Kwa maoni yangu hakulisema kwa ubaya. Ndiyo sauti aliyokuwa akiitumia kwa watu wa wagonjwa wake, ile ya kueleza. Mama Sauda alinyoosha mkono akafunga bomba, maji yakakatika juu ya mikono ya Wambui yenye sabuni, akaenda chumbani kwake.

Tangu siku ile jikoni hapakusemwa kitu zaidi ya "pisha" na "nani kamaliza maziwa". Mama Sauda akaanza kuchuma majani ya ule mkaratusi wa jirani, anachemsha sufuria kubwa ya pilau, tangawizi, malimau, anajifunika blanketi la kahawia na kukaa humo. Kila siku. Nyumba nzima ikanuka dawa ya kuchua. Alituamuru na sisi. Mimi niliingia mara moja, na nikiwa mkweli, pua zilizibuka na nililala vizuri. Wambui alisema, "Mimi sio mboga," akajifungia chumbani. Klarineti sikuipiga siku zote za msiba, hata sikuulizwa. Nilipoanza tena, kule kibandani, kwa sauti ya chini, Mama Sauda alipita na beseni la nguo akasimama. "Unapuliza," akasema. "Watu wanakosa pumzi, wewe unazo za kuchezea." Nikaifungua vipande, nikairudisha sandukuni.

Mwishoni mwa baridi mtu wa ghala letu akakutwa na korona. Nikaletewa ujumbe nijifungie chumbani, nipimwe, nisubiri. Nilisubiri. Chakula kiliwekwa mlangoni, na mlango ukagongwa kwa mpini wa ufagio: wali, maharage ya nazi, kipande cha limau pembeni. Sauti ya Mama Sauda kutoka mwisho wa korido ikasema, "Kula. Usirudishe sahani, iache humo humo." Nilikula nikiwa na hasira na chakula kilikuwa kitamu, sikukosa hata siku moja. Majibu yakaja, sina ugonjwa. Nikatoka nikiwa na simu mkononi nimwonyeshe. Alisoma, au alijifanya kusoma, maana hakuwa amevaa miwani.

"Alhamdulillah," akasema. "Wewe umepimwa."

"Ndiyo Mama."

"Lile halijapimwa."

Nikadhani anatania. Wambui aliyekuwa anafunga viatu vya kazi aliinua kichwa, na yeye akadhani anatania. "Mama," akasema, "hiyo haipimwi. Haina pua."

"Lina tundu kuliko wewe. Mpaka Jumapili," Mama Sauda akaniambia. "Lisafishwe mpaka nijue limesafishwa. Si kwa kitambaa, si kwa kijiburashi. Likiwa bado, mtoke wote wawili, wewe na dude lako. Nimeshazika mwaka huu."

Ningefanya nini? Niliisafisha tena kwa njia yangu, ambayo ndiyo njia, sikuwa na nyingine. Jumamosi nikaenda kazini nimeiacha juu ya kabati, na njia nzima ya kurudi, treni tupu, nikawa napanga maneno ya kumwambia Mama Sauda kesho yake. Yalikuwa maneno makali. Yalikuwa tayari kabisa nilipofika getini na kusikia harufu ya mkaratusi. Hilo halikunishangaza. Nikaingia kwa mlango wa jikoni nikauacha wazi, kwa sababu mvuke ulikuwa umejaa mpaka dirisha linatiririka maji. Blanketi la kahawia lilikuwa limekaa kwenye kiti, limefunika mtu na sufuria, nikaona lilikuwa pana kuliko siku nyingine. Juu ya meza, sanduku langu lilikuwa wazi. Tupu. Hata ile sehemu ya mdomoni haikuwepo.

"Funga mlango," blanketi likasema. "Upepo unaingia."

"Mama, klarineti iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Humu."

Nilivuta blanketi. Mama Sauda alikuwa amekaa kichwa wazi, nywele zimemganda usoni, macho mekundu, na mapajani, ndani ya kanga, vipande vyote vya klarineti yangu, amevikumbatia kwa mkono mmoja na kwa mwingine anaviinamisha juu ya mvuke, kimoja kimoja, anakigeuza. Kanga ilikuwa imelowa. "Nililiweka peke yake kwenye kigoda," akasema, kana kwamba nimemuuliza hilo, "likawa linateleza linataka kuingia sufuriani. Ikabidi niingie nalo."

Sitaandika yote niliyosema. Nilimwita mchawi. Nilisema ameniua, alilitaka hili siku zote, alitaka nitoke na amepata njia. Nilipiga kelele hivyo mpaka Wambui akatokea na sare yake ya kazi, akasimama mlangoni, akatazama sufuria, akanitazama, akatazama kanga. "Manze," akasema, "Mama... umepigia mbao nyungu?" Akaanza kucheka. Mama Sauda hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi, na mara ya kwanza tangu msiba alinijibu kwa ile sauti yake ya kuita watu kutoka mbali.

"Ningetaka kuliharibu ningelitia kwenye pipa la kifuniko chekundu, gari la taka lilibebe! Ningemenya tangawizi ya nini? Ningekata malimau yangu ya nini? Kesho Jumapili. Umefanya nini wewe? Umepitisha kitambaa. Ulitaka nikuone unatoka na sanduku, uende wapi, nani akupokee? Nimesema utoke, na mimi nikisema nimesema. Nifanyeje? Ndiyo nikalisafisha mwenyewe!"

Nikatazama mezani. Maganda ya tangawizi yalikuwa chungu zima. Malimau yalikuwa yale mazuri aliyoletewa kwenye msiba, aliyokuwa anayatunza kwenye karatasi. Nikaamini. Kuamini kule kulinitia hasira kuliko mwanzo, kwa sababu sasa sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Nikachukua vipande kimoja kimoja kutoka mapajani kwake, nikapitisha kitambaa, kikatoka kinatiririka. Vile vingozi vya kuziba matundu vilikuwa vimevimba kama maandazi. Koki ilikuwa imejaa maji, ilibidi nisukume kwa nguvu ili vipande viungane.

"Piga," Mama Sauda akasema.

"Mama, ikauke kwanza. Siku kadhaa."

"Piga nisikie kama limepona. Piga humu humu ndani. Nimekuruhusu."

Ningekataa. Sijui kwa nini sikukataa. Nilisema moyoni asikie alichofanya. Au labda ni kwa sababu nilikuwa sijapiga ndani ya nyumba ile muda mrefu, na chumba chenye joto ni kitu kizuri kwa mtu anayepuliza. Nikaweka ulimi, nikapiga ule wimbo tunaomwingizia bibi harusi. Nusu ya vitufe haikufunga. Lakini noti za chini zilitoka nene, nzito, kuliko zilivyowahi kutoka, zikajaa jikoni mpaka vikombe vikaitika kabatini. Mama Sauda akafumba macho. Mguu wake ukaanza kwenda. Upepo wa baridi ulikuwa unaingia kwa ule mlango niliouacha wazi, nikausikia mgongoni, na katikati ya wimbo tukasikia wote watatu mlio mkavu, mdogo, kama mtu amevunja kidole. Sauti ikazama. Nilipuliza tena ikatoka hewa tupu.

"Nini hiyo?"

"Imepasuka, Mama."

Akanyoosha mikono, nikampa. Akapitisha ukucha kwenye kipande cha juu mpaka akaupata ufa, akaufuata ulivyoshuka, tundu la kwanza, tundu la pili. Wambui alikuwa ameacha kucheka. Nikamwona anafungua mdomo na nikajua neno analotaka kulisema, lile lile alilolisema akiosha vikombe siku ya maziko. Nikamtazama. Akafunga mdomo. Nampa haki yake, alifunga.

"Nilifanya kila kitu," Mama Sauda akasema. Hakuwa ananiambia mimi. "Majani mabichi. Blanketi zito. Sikuliacha peke yake." Sufuria ikatokota. Kisha akaniinulia macho, bila barakoa, uso umelowa wote na sikuweza kujua maji yale ni ya nini. "Basi lilikuwa na ugonjwa mkubwa," akasema, na akasubiri.

Maneno yangu makali yalikuwa bado yapo, na yote yalikuwa kweli. Mimi ni mtu wa kupima neno kabla sijalitoa, mpaka wenzangu hunichoka. Sikupima.

"Mkubwa, Mama," nikasema. "Lilikuwa limeshaharibika ndani zamani. Hata ungelipeleka wapi, lisingepona."

Mama Sauda akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa majibu ya daktari. Akalilaza vizuri mapajani, akavuta ncha ya kanga, akalifunika lote mpaka juu.